Farasi Tisini na Nane

Jumamosi hiyo gereji ilifurika. Klabu ya mashindano huwapanga madereva kwa nguvu za injini, na kila mmoja alitaka gari lake lipimwe kabla ya msimu kuanza. Katikati ya makelele hayo akaingia mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, akiendesha kigari cha kijivu ambacho hakikufanana kabisa na gari la mbio.

Mpimaji alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu na kitambaa chekundu kichwani. Wateja walimwita Dada Vipimo. Alilipandisha gari juu ya roli, zile silinda za chuma za mashine ya kupimia, akalifunga mikanda, akawasha feni kubwa mbele yake, akaingiza gia ya nne na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likanguruma pale pale lilipo. Kwenye skrini ikapanda mistari miwili: mmoja wa nguvu za farasi, mwingine wa toki, ule msukumo unaolivuta gari mlimani.

Farasi tisini na nane.

"Kwa gari la kwendea sokoni, si haba," akamwambia.

Mwanamume akacheka. Alisema yeye ni mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake waliwaogopa hata hao tisini na nane.

Baada ya wiki mbili akarudi kupima tena. Hakuwa amebadilisha hata plagi, na jibu likawa lile lile. Dada Vipimo akaingiwa na wasiwasi. Nani hupimisha gari asiloligusa? Alikuwa na sababu ya kukaa macho: kaka yake alishindana katika klabu ile, na watu walinong'ona kwamba dada humpunguzia farasi ili apangwe na wanyonge. Hata hivyo, mwalimu alipoomba namba ya simu, alimpa.

Siku ya tatu akapiga. Kesho yake akapiga tena. Mwezi haukuisha akawa anamwita mpenzi, naye Dada Vipimo akajikuta anaisubiri simu huku akijiuliza mtu huyu anatafuta nini hasa. Alimuuliza mara moja. Akaanza kumsimulia habari za wanafunzi wake, na kule kukwepa kukamkaa rohoni.

Alipokuja mara ya tatu, Dada Vipimo alivuta kiti cha dereva mbele, karatasi ikateleza kutoka chini yake. Ilikuwa na nembo ya klabu. Juu iliandikwa: uchunguzi wa mashine ya gereji. Chini yake vilipangwa vipimo vya gari lile vya siku zile mbili, na pembeni vipimo vyake kwenye mashine nyingine.

Akashuka, akazima feni.

"Wewe si mwalimu."

"Ni mwalimu. Ila ni mjumbe wa klabu pia."

"Na hilo neno mpenzi, nalo ulitumwa?"

Mwanamume alijaribu kueleza mbele ya foleni ya wateja. Dada Vipimo alifungua mikanda mmoja mmoja, akamwita mteja aliyefuata.

Siku tisa simu iliita mpaka ikachoka. Kaka yake alimletea habari kwamba klabu imeiona mashine haina kasoro. Haikumtuliza. Kila neno tamu alilowahi kuambiwa alilirudia kichwani, akilitafutia mtego.

Siku ya kumi, saa sita mchana, mwanamume alikuja kwa miguu, shati limejikunja. Dada Vipimo alikuwa anafuta roli. Alimwambia atamsikiliza mpaka amalize kufuta, basi.

Akasema kwamba baada ya kipimo cha pili alijitoa, akamwachia mwenzake kazi, kwa sababu alishaanza kumpenda naye hakuweza kumchunguza tena. Mara ya tatu hakutumwa na mtu; alikuja kumwona tu, na karatasi ile aliisahau chini ya kiti. Akatoa barua ya mwenyekiti iliyokubali ombi lake. Dada Vipimo aliisoma mara mbili, akaumulika muhuri wake kwa tochi. Tarehe ilitangulia simu ya kwanza kwa siku moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naahirisha kila siku. Nilijua utanifukuza."

"Siku nyingine ukiwa na swali juu yangu, niulize mimi."

"Ninalo moja. Naweza kuja kwa mama yako kujitambulisha?"

Alikunja kitambaa cha kufutia taratibu, akakitia mfukoni.

"Njoo Jumapili. Lakini utamweleza mwenyewe tulivyokutana, na usiruke kitu."

"Mama ni mkali?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha kutoamini watu."