Siku Safina Alipoketi Benchi

Mwamini wa Kasingirima, pale Ujiji, aliuza dagaa. Kila asubuhi alishuka ufukweni Kibirizi. Mitumbwi ikifika, alichagua dagaa wazuri, akawaanika, na jua likipanda akawageuza. Mumewe, Chande, alikuwa fundi wa injini za boti. Binti yao wa kwanza aliitwa Safina. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwenye mikono ambayo baba yake alipenda kuiita makasia.

Safina alikuwa kipa. Alianza akiwa mdogo, palepale ufukweni, kwa mpira wa matambara. Wavulana walimweka golini kwa kumdharau. Wakajuta. Mpira ulikuwa ukifika mikononi mwake na kutulia.

Mwaka huo Kigoma ilipata ugeni. Yalikuja mashindano ya wasichana chini ya miaka kumi na saba, kutoka nchi zote zinazopakana na Ziwa Tanganyika. Timu zilitoka Bujumbura, Uvira, Mpulungu na miji mingine ya ziwani. Wasichana wa Zambia waliteremka melini wakiimba. Wale wa Burundi walikuja kwa basi, wakaingia sokoni, wakamsikia mama mmoja akiwasalimu, "Mwakeye!" Wakacheka kwa furaha. Kiha, lugha ya Kigoma, na Kirundi ni ndugu.

Kigoma walianza na Uvira. Uwanja ulijaa. Mwamini na Chande waliketi karibu na goli. Kipindi cha kwanza, Uvira walipata kona. Mpira ukapanda. Safina akaruka juu ya wote, akaudaka. Mshambuliaji mmoja naye alikuwa ameruka. Goti lake likampiga Safina juu ya sikio.

Safina akaanguka. Akalala kimya kidogo, kisha akainuka akiwa bado ameukumbatia mpira. Watu wakashangilia. Oswald, kocha wao, akamwagia maji kichwani.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, kocha."

Mchezo ukaendelea. Lakini baada ya mapumziko, Safina alitembea moja kwa moja hadi kwenye goli la Uvira, akasimama pale. Watu wakacheka. Wenzake wakamwita. Mwamini peke yake hakucheka.

Kigoma walishinda bao moja kwa bila. Safina alibebwa mabegani.

Alasiri hiyo nyumba ya Chande ilijaa majirani. Safina alikuwa chumbani, amefunika macho kwa kanga. Mwamini akamletea ugali na mgebuka wa kukaanga, samaki aliyempenda kuliko wote. Hakula.

"Mama, tumeshinda ngapi?"

"Moja bila, mwanangu."

Kisha Mwamini akafungua dirisha. Safina akageukia ukutani.

"Funga, mama. Mwanga unaniumiza." Akavuta kanga machoni. "Tumeshinda ngapi?"

Mwamini akakaa kitandani.

"Safina, kichwa kinauma?"

"Kidogo tu. Na kizunguzungu. Mama, nakuomba, usimwambie mtu. Jumamosi ni nusu fainali. Kocha wa timu ya taifa ya vijana anakuja kututazama. Wakijua, watanitoa."

Mwamini alitoka, akaenda sebuleni. Alimweleza mumewe kwa sauti ya chini. Chande akatikisa kichwa.

"Amechoka tu, mama Safina. Jua lilikuwa kali. Mpe dawa ya maumivu. Jumamosi atakuwa simba."

Jirani mmoja, mama Shadia, alikuwa amesikia. "Dawa ya nini?" alisema. "Hilo ni jicho. Mtoto amesifiwa mno. Mkandeni kichwa kwa maji ya moto, na msimwache asinzie hata kidogo."

Mwamini alitazama mlango wa chumba. Mtoto wake alikuwa amemwamini kwa siri. Akiitoa siri hiyo nje ya nyumba, Safina ataikosa nafasi aliyoitafuta miaka yote. Asipoitoa, je? Akajifunga kanga, akatoka, akaenda nyumba ya tatu.

Hapo aliishi Melania, muuguzi wa kituo cha afya. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini.

"Karibu, dada Mwamini. Hongera ya ushindi!"

"Asante, lakini sijaja kwa ushindi. Nimekuja kwa Safina."

Mwamini alipomaliza kueleza, Melania hakuvua hata viatu. Walirudi pamoja. Alimkuta Safina, akamwuliza maswali kwa upole: jina la shule, siku ya leo, nani alifunga bao. Safina alijua jina la shule. Siku aliikosea. Mfungaji hakumkumbuka kabisa. Melania akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Akayumba, mama yake akamdaka.

"Tunaenda hospitali sasa hivi," alisema Melania. "Daktari amwone."

"Kwa sababu ya kugongwa tu?" Chande aliuliza. "Mbona hana jeraha? Hata damu haikutoka."

"Baba Safina, chukua yai ulitikise kwa nguvu. Ganda halitapasuka. Lakini ndani je? Kiini kimevurugika. Ubongo nao umo ndani ya fuvu namna hiyo. Kichwa kikigongwa, ubongo hutikisika. Huu unaitwa mtikisiko wa ubongo. Jeraha lake hulioni kwa macho. Unaliona kwa mambo ambayo mtoto anafanya: anasahau, anauliza swali lilelile, mwanga unamsumbua, anayumba."

Mwamini akakumbuka goli la Uvira. Akamshika mwanawe mkono.

Hospitalini daktari alimpima Safina kwa makini. Akakubaliana na Melania. Hakuona dalili ya damu kuvuja ndani ya kichwa, lakini ubongo ulikuwa umetikisika. Alimruhusu kurudi nyumbani, chini ya uangalizi.

"Alale?" Mwamini aliuliza. "Nimeambiwa asilale."

"Alale, mama. Amekwisha kupimwa, na usingizi ni dawa. Ila asiwe peke yake usiku wa leo. Siku hizi mbili za mwanzo apumzike, simu aiweke mbali. Kwa maumivu mpeni paracetamol tu, asimeze dawa nyingine bila kuuliza. Lakini nisikilizeni vizuri. Akitapika tena na tena, akipata degedege, maumivu yakizidi, akizidi kuchanganyikiwa, mkono au mguu ukilegea, au mkimwamsha haamki, mleteni hapa mara moja. Msisubiri kukuche."

"Na Jumamosi?" Safina aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumamosi hapana, binti. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, hata pigo dogo linaweza kuua."

Safina alilia njia nzima. Walipofika nyumbani walimkuta kocha Oswald akisubiri barazani. Aliposikia, akashika kiuno.

"Jamani, mnaniua! Acheni apumzike hadi Jumamosi, tutaona. Acheze hata kipindi kimoja."

Mwamini alimtazama mumewe. Chande akamsogelea kocha. Kisha akasema, "Kocha, mimi ni fundi. Mtu akiniletea injini iliyogonga jiwe, inaunguruma vizuri, lakini ndani shafti imepinda, nimwambie nini? Nimwambie avuke nayo ziwa mpaka Kalemie? Atazama. Injini nitamtafutia nyingine. Mtoto sina pa kumnunua. Safina hachezi."

"Nami ningekuomba jambo, kocha," Melania aliongeza. "Yeyote akigongwa kichwa, mtoe hapohapo. Usimwulize kama yuko sawa. Atasema ndiyo, maana anapenda mpira. Ukiwa na shaka, mtoe."

Oswald alivuta pumzi. "Nitamwandaa Lulu akae golini," alisema mwishowe.

Siku mbili Safina hakusema na mama yake. Alikula, alijibu "ndiyo" na "hapana", akageukia ukutani. Mwamini alivumilia. Aliendelea kumpelekea uji, akaendelea kumfungia dirisha. Siku ya tatu, alipoingia, Safina alikuwa ameketi.

"Mama, ulinisaliti."

"Ndiyo, mwanangu. Na kesho ukinipa siri kama ile, nitakusaliti tena."

Safina alimtazama. Kisha akaangua kicheko na machozi yakamtoka hapohapo. Akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, taratibu.

Jumamosi kichwa kilikuwa kimetulia, na daktari akamruhusu kwenda kutazama tu. Safina aliketi benchi amevaa kofia pana. Lulu, kipa mdogo, alikuwa akitetemeka. Safina akamshika mabega. "Mpumbavu ni nani kati yako na mpira?" alimwuliza. "Mpira!" Lulu akajibu. "Basi usiuogope." Mpulungu walimfunga Lulu bao moja la mapema. Baada ya hapo hawakumfunga tena. Kigoma walishinda mawili kwa moja.

Kocha wa timu ya taifa, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, alikuja hadi benchi.

"Nimesikia kuna kipa alicheza na Uvira. Yuko wapi?"

"Huyu hapa," alisema Oswald. "Aligongwa kichwa. Tumempumzisha."

Safina aliinamisha uso. Yule mama akampigia makofi. "Mmefanya vema. Kipa aliyepona nitamwita. Aliyeharibika nimwitie nini?"

Fainali walifungwa na Bujumbura bao moja. Mji haukuwanunia. Watu waliwasindikiza kwa ngoma hadi mtaa wa Bangwe.

Safina alirudi mpirani hatua kwa hatua. Kwanza alitembea tu kando ya ziwa na mama yake. Kisha alikimbia polepole. Kisha alidaka mipira ya kutupiwa kwa mkono. Mara moja kichwa kiliuma tena, wakarudi nyuma hatua moja, wakasubiri. Wiki zilipita. Mwishowe daktari akampima upya, akatabasamu. "Nenda kadake."

Miezi michache baadaye Bujumbura waliwaalika Kigoma kwa mechi ya kirafiki. Mwamini alisafiri na timu. Safina alisimama golini kama mlango wa chuma. Kipindi cha pili, mshambuliaji wa Burundi aitwaye Nadine aliruka kupiga kichwa, akagongana na beki wa Kigoma, akaanguka chali. Mpira ukaangukia mikononi mwa Safina. Mbele uwanja ulikuwa mtupu. Wenzake walipiga kelele: "Rusha! Rusha!"

Safina akautoa mpira nje. Akamkimbilia Nadine, mkono juu. "Mwamuzi! Kichwa!"

Nadine alijaribu kuinuka. "Ndi amahoro," alisema, yaani yuko salama. Safina akapiga magoti, akamzuia kwa upole. "Kaa kwanza, dada. Nami nilisema hivyohivyo." Nadine akatolewa nje. Uwanja mzima, wageni na wenyeji, ukapiga makofi.

Lakini baada ya dakika chache kocha wa wenyeji alianza kumvalisha Nadine viatu tena. Jukwaani, karibu na Mwamini, mama mmoja alikuwa amesimama, mikono kichwani. Ndiye mama yake Nadine.

"Anasema yuko sawa," alimwambia Mwamini, kama anayeomba ushauri. "Hata damu haimtoki."

Mwamini alimshika mkono, akamketisha. Akazungumza naye kwa Kiha, naye akaelewa kila neno. Akamweleza habari ya yai na ganda lake. Akamtajia dalili zote za kukimbilia hospitali. Akamwambia kuhusu binti aliyesimama kwenye goli la watu wengine huku uwanja mzima ukicheka.

"Atakukasirikia," alimaliza Mwamini. "Mvumilie. Mpelekee uji."

Yule mama alijifunga kitenge chake vizuri. Akashuka ngazi, akavuka mstari mweupe, akafika benchi, akainama na kumvua mwanawe viatu, kimoja kimoja. Kisha akamgeukia kocha, akasema kwa sauti ambayo jukwaa zima lilisikia:

"Huyu leo harudi. Nitafutieni gari, tunaenda hospitali."