Bei ya Kuanzia Iliyovunja Mkono wa Shemeji Yangu

Nina miaka hamsini na moja. Shule niliishia darasa la nne, lakini duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani ni langu, nimelisimamisha kwa mikono hii. Nimetapeliwa, nimeibiwa, ghala limeungua nikainuka tena. Nilikuwa nikitamba barazani kwamba duniani hakuna tena la kunishangaza... Nisomeni, ndugu zangu.

Miaka yote niliuzia shule za serikali mabati kwa mdomo wangu. Nataja elfu thelathini na tano, mnunuzi anataja ishirini na tano, tunakutana ishirini na nane. Kisha tukaambiwa zabuni zimehamia mtandaoni. Kila muuzaji aweke bidhaa zake kwenye katalogi ya kielektroniki, picha na bei, na mnunuzi achague humo humo.

Kompyuta siijui. Nikamtuma Bakari, mdogo wake mke wangu Zuhura, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Makorora. Nikamwambia bati aweke thelathini na tano, ila mwisho wangu ni ishirini na nane, siri yetu.

"Shemeji, humu hakuna kuombana," akaniambia. "Mtu anaangalia bei, anachukua ya chini. Weka ya mwisho."

"Nilianza kuuza wewe hujatahiriwa," nikamjibu. "Weka nilichosema. Mwenye shida atanipigia."

Hakupiga mtu. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu... Shule zangu nne zikanunua kwa mfanyabiashara wa Muheza. Nikauliza, kwa bei gani? Ishirini na nane elfu. Bei yangu ya moyoni, niliyomwambia mtu mmoja tu! Ningemshuku nani mwingine?

Bakari alikuja dukani asubuhi, akaniamkia. Nikachukua kipande cha nondo nikampiga begani. Akainua mkono kujikinga, nikaupiga mkono huo huo, nikasikia mfupa ukikatika kama muhogo mkavu.

"Sijauza kitu, shemeji," akasema akiwa chini.

Nikampiga tena, mdomoni. Zuhura, aliyekuwa nami dukani, akajitupa katikati, nikamsukuma, akaangukia kioo cha kaunta. Damu ya ndugu wawili ikachanganyika sakafuni kwangu, na mimi bado natukana.

Nililala mahabusu siku mbili. Akaitwa ofisa manunuzi wa shule moja, akafungua katalogi mbele ya mpelelezi. Yule wa Muheza aliweka ishirini na nane elfu wiki tatu kabla duka langu halijaingia humo, na hakuigusa tena bei yake.

"Na wewe, mzee wangu, uko thelathini na tano," akasema. "Nani akupigie simu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Hakuna aliyeniuza... Aliyenisaidia bure ndiye niliyemvunja.

Wazee wa pande mbili wakatusuluhisha, kesi ikafutwa. Zuhura alirudi kwao Pongwe, akanitumia neno moja: "Mwambieni miaka kumi na tisa nimesema naye, hajanisikia hata siku moja." Kisha akadai talaka yake. Mkono wa Bakari haukunjiki, anachapa kwa wa kushoto.

Ndugu msomaji, usilolijua, msikilize anayelijua, hata kama ulimtangulia kuzaliwa. Wala usimwinulie mtu chuma kwa dhana. Mimi nilimwinulia. Hospitali, meno mawili ya Bakari, fidia yake, na haki za Zuhura: shilingi milioni kumi na nne, laki tatu na elfu ishirini.