Fishi ya Gaëlle

— Athanasie, sema tu ndiyo ao hapana. Gaëlle iko na kifafa?

— Siwezi sema.

— Mimi njo bwana yako wa kesho!

— Hata ukiisha kunioa, Magloire, fishi ya mugonjwa si mali ya nyumba yetu. Sheria inakataza, na mimi niliapa.

Magloire alisaga meno. Wiki nzima mama yake, Mama Byukusenge, hakumpa nafasi ya kupumua. Gaëlle alikuwa mchumba wa Samy, mdogo wake Magloire, na jirani mmoja alimwona akitoka kwenye kituo cha afya ambako Athanasie ni muuguzi. Pale Kirolirwe, kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini, familia lazima iulize: kwao hakuna kifafa? Nani angejua kuliko mkwe mtarajiwa anayeshika fishi zenyewe, kadi za wagonjwa?

— Kama haiko nayo, useme "hapana", tumalize!

— Nikisema "hapana" ya Gaëlle leo, kesho nikinyamaza juu ya mungine mutasema anayo.

Maneno yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Akarudi nyumbani, akaandika mesaji: "Kama hauseme, ng'ombe zako haziende kwenu Samedi. Mama amekataa, na mimi pia."

Jibu halikuchelewa: "Zibakie, zikule majani. Nakupenda, na siseme."



Jumamosi hiyo, siku ng'ombe walipopaswa kutoka, Mama Byukusenge alimwita Athanasie mbele ya familia, akamuuliza swali lile lile kwa sauti kubwa. Athanasie akatikisa kichwa. Hapo Papa Ngabo, baba yake Magloire, akaweka chini kikombe chake cha maziwa.

— Mama Magloire, umuache mutoto wa batu. Hii kovu ya kichwa, nilikuambia ni ng'ombe ilinipiga teke. Nilikudanganya. Nilianguka ku malisho. Mimi njo niko na kifafa, mwaka wa tatu sasa. Kila mwezi nakamata dawa kwa Athanasie.

Mama Byukusenge akamgeukia msichana.

— Ulijua?

— Mama, siwezi sema.

— Lakini yeye mwenyewe amesema!

— Amesema yeye. Mimi sijasema.

Papa Ngabo akacheka hadi machozi. Magloire aliona aibu tupu. Mwaka mzima binti huyu alikula nao, akamhudumia mzee, na hata yeye mchumba hakuambulia neno. Angekuwa vile alivyomtaka awe, kilima kizima cha Kirolirwe kingekuwa kinamsengenya baba yake.

— Unisamehe. Ile mesaji…

— Uliiandika weye. Uifute weye.

Akaifuta mbele ya wote. Mama Byukusenge alikuwa ameshika kichwa cha mumewe, akiligusa lile kovu, na hakuuliza tena habari za mtu.

Jumamosi iliyofuata ng'ombe waliondoka kwa mikupuo miwili, wa Athanasie na wa Gaëlle. Gaëlle alikuwa na kifafa ama mafua tu? Magloire hajui mpaka leo, na mke wake hajamwambia.