Aliyeongeza Moto kwenye Zulia la Sufu

Duka la mashine lilifurika siku ile kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Wenye hoteli waligombea majokofu, mafundi walijaribu drili hadi masikio yakauma, na katikati ya kelele hizo msichana mmoja alikuwa amepiga magoti sakafuni, gauni lake la bluu limepauka kwa sabuni, anaingiza kidole kwenye bomba la mashine ndogo kama daktari anayekagua koo.

"Dada, hiyo haiumi. Haina meno," sauti ilisema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa muuzaji, shati jeupe limenyooka, tai nyekundu, viatu vinang'aa kiasi cha kujitazamia. Wenzake dukani walimwita Mtanashati.

"Natazama inavyonyonya," msichana akajibu. "Kumwaga maji hata ndoo inamwaga. Kazi ni kuyatoa."

"Makubwa! Wateja wangu wengine huwa wanauliza rangi."

"Mimi nafua mazulia, kaka. Kwa brashi na magoti. Mtaani wananiita Povu."

"Basi Povu, achana na hiyo. Hiyo ni ya nyumbani, ya kuokotea makombo ya watoto. Ukiipeleka kazini itakufia mikononi. Njoo huku."

Akampeleka nyuma ya duka, kwenye mashine ya kijivu, pana, yenye magurudumu. Ilikuwa na tangi la maji safi, tangi la maji machafu, bomba refu lenye mdomo wa chuma, na swichi ya kupashia maji moto.

"Hapa moto mdogo, hapa wa kati, hapa mkali," Mtanashati akasema. "Huu mkali, hata doa la dhambi linatoka."

"Huo mkali sufu haiuvumilii. Ukiichemsha inajikunja."

"Mimi nauza mashine tu, mrembo. Ya sufu ni yako."

Povu akacheka, na kicheko kile ndicho kilichofungua mlango. Aliinunua. Akiba yake yote iliingia pale, na kwa kuwa haikutosha, mama yake, mshona mapazia, alikuwa ameuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo ili kujazia. Mtanashati aliisukuma mashine mwenyewe hadi nje, jasho likiilowesha tai.

"Nipe namba yako ya simu. Kwa ajili ya garantii."

"Garantii ya nani?"

"Ya mashine ni mwaka. Yangu haina mwisho."

Simu zikaanza jioni ile ile.

"Haloo, huduma kwa wateja hapa. Mashine inaendeleaje?"

"Imekula, imeshiba. Leo imenyonya maji meusi kama kahawa."

"Na mwenye mashine?"

"Mwenye mashine hajambo, ila huduma kwa wateja inamsumbua."

"Basi nikate?"

"Nani kasema ukate?"

Kazi ikashika kasi. Ofisi moja, kisha nyumba mbili za jirani na ofisi hiyo. Siku za mapumziko Mtanashati alivua tai akaja kumshikia bomba, na mama mtu akamkaribisha kama mtoto wa kumzaa. Mama yule ana macho ya kutunga uzi gizani, lakini kwa kijana yule hakuona kitu. Adabu alikuwa nayo, maneno alikuwa nayo. Ungeona nini?

Kisha Mtanashati akaja na habari. "Mama yangu anataka kuona kazi ya mkwewe. Ana zulia sebuleni, marehemu baba ndiye alimnunulia. Kuna doa limemshinda."

Povu alilikagua zulia lile kwa kulipapasa kabla hajafungua hata mfuniko wa tangi. Lilikuwa la sufu, jekundu, lenye maua meupe. Alilowesha kitambaa cheupe, akakigandamiza pembeni, kikarudi na wekundu kidogo.

"Linachuja," akanong'ona. "Maji baridi, dawa kidogo, taratibu."

Wakafanya hivyo. Vumbi la miaka likatoka, maua yakang'aa. Doa likabaki.

"Mpenzi, mama anakuja sasa hivi, na doa ndilo lile lile," Mtanashati akasema, mikono ya shati ameikunja. "Utaniaibisha."

"Kuna doa halitoki, laazizi. Tutamwambia ukweli."

Akachukua tangi la maji machafu, akaenda kulimwaga uani. Aliporudi, mvuke ulikuwa umetanda sebuleni na harufu ya kondoo aliyelowa. Swichi ilikuwa kwenye moto mkali.

"Umefanya nini?"

"Si linatoka? Hebu tazama!"

Ni kweli, doa lilikuwa limetoka. Na maua yalikuwa yametoka nalo. Wekundu uliyamwagikia yote, na kingo za zulia zilikuwa zinanyanyuka, zinajikunja. Hatua zikasikika kwenye ukumbi. Mtanashati akamnyooshea bomba, naye Povu akalipokea kwa mazoea tu, kama mtu anavyopokea kikombe.

Hivyo ndivyo mama wa Mtanashati alivyomkuta.

"Yesu wangu! Nani kafanya hivi?" Macho yakatua kwenye bomba.

"Mama, usijipandishe presha," Mtanashati akasema. "Kaa kwanza. Kaa."

Hakusema zaidi. Povu alingoja, akangoja, hadi akajikuta yuko nje na mashine yake.

"Mwambie," alimsihi kwenye simu.

"Nitamwambia, kipenzi. Mwache apoe."

"Anapoa lini? Anazunguka kuwaambia watu kwamba nimemchomea kumbukumbu ya mumewe!"

"Unajua wewe peke yako ndiye unayenielewa."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa namna hiyo, wiki baada ya wiki. Wateja wakaanza kukatika mmoja mmoja: tumepata mtu mwingine, tutakupigia. Mashine ikafunikwa shuka kwenye kona. Mama mtu akainamia cherehani moja iliyobaki, akishona hadi mgongo ukakataa kunyooka, na hakulalamika, jambo ambalo lilimuumiza binti kuliko lawama. Povu akaacha kupokea simu.

Ndipo Mtanashati akaja mwenyewe, tai imenyooka. "Nataka kukuoa. Nimeongea na mama. Amesema uje Jumapili, yamekwisha."

"Umeongea naye?"

"Nimeongea naye, mpenzi."

Povu akasikia alichotamani kusikia. Jumapili alivaa gauni la kijani ambalo mama yake alimshonea mwenyewe, lenye vifungo vidogo mgongoni, akaenda moyo ukiwa mwepesi.

Sebule ilikuwa na sakafu tupu. Mama mkwe alikaa na shangazi wawili, chai ikiwa mezani.

"Binti," mama akaanza, "lile zulia lilikuwa la marehemu. Nimelia, nimenyamaza. Lakini mwanangu anakupenda, nami sina mwana mwingine. Nimekusamehe."

"Haya, mwali, sema asante," shangazi mmoja akamhimiza akitabasamu.

Neno moja tu. Baada yake kulikuwa na ndoa, nyumba, na wateja kurudi. Povu akamtazama Mtanashati. Mtanashati alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Mama, nakushukuru kwa moyo wako," Povu akasema. "Ila moto sikuuongeza mimi. Muulize mwanao."

Mama akaweka kikombe chini, akamgeukia mwanawe.

"Ni kweli?" mama akauliza.

Mtanashati akagusa tai yake. "Mama, ana uchungu tu. Tuyaache hayo."

Mama yule akamtazama mwanawe kwa muda, kama mtu asomaye kitu alichokwisha kukisoma zamani. Kisha akainua birika, akamwongezea mwanawe chai.

Povu akasimama. Mtanashati akamfuata hadi getini, mbio.

"Neno dogo namna ile! Ungelimeza tu, tungeoana, nani angekumbuka zulia?"

"Mimi."

"Nakupenda, Povu. Wallahi nakupenda."

"Najua."

Na ninyi mabinti mnaosoma, msidhani kijana yule alikuwa tapeli. Alimpenda kweli, na machozi yake pale getini yalikuwa machozi. Hapo ndipo pa kuogopa.

Nyumbani mama alisimamisha cherehani. "Wamekupokeaje, mwanangu?"

"Nisaidie kuvua gauni, mama."

Mama akaja nyuma yake, akavifungua vile vifungo kimoja kimoja.