Tangawizi Iliyooshwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Husna alipitia kwenye genge la mama yake, Mwamvita, karibu na stendi ya Same. Alifagia, akapanga matenga ya nyanya, kisha akafungua midomo ya magunia ya tangawizi ili ipate hewa. Tangawizi ile ilitoka Suji, juu milimani, kwa mkulima aitwaye mzee Fanueli, nayo ilifika na udongo wake. Mama Mwamvita hakuuondoa. Mteja aliponunua, ndipo alipomkung'utia kiasi chake. Tangawizi yenye udongo hukaa muda mrefu bila kuharibika, na hilo hata mtoto wa muuzaji analijua.

Husna alilijua vizuri sana. Ndiyo maana alichokuja kukifanya kilimuuma zaidi.

Mwezi ule biashara ilikuwa ngumu. Wanunuzi wa jumla walipandisha malori yao wenyewe hadi milimani, na gengeni yalibaki magunia manne yasiyotoka.

"Haya yakioza, nafunga genge," mama alisema siku moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema chumvi imekwisha. "Mzee Fanueli hawezi kuniwekea mzigo kila msimu na mimi siuzi."

Mama alikuwa na ukurasa wa biashara kwenye simu yake. Ulikuwa na wafuasi sitini na wawili, na nusu yao walikuwa mashangazi. Tausi, binti wa mama mdogo wa Husna, aliyefanya kazi kwenye kibanda cha kutuma pesa, ndiye aliyeleta wazo.

"Mama mkubwa, siku hizi unatengeneza video fupi, unalipia, mtandao wenyewe unaisambaza. Ukisubiri watu wakuone bure utazeeka hapa."

Pesa pekee aliyokuwa nayo mama ni ile aliyoitenga kukodi gari la mzigo ujao. Akamgeukia Husna. "Wewe mwanangu unaonaje? Tulipie, au tuendelee kuweka picha zetu za bure pole pole?"

"Tulipie, mama," Husna alijibu hata kabla swali halijatua.

"Haya. Lakini onyesheni kitu kilivyo."

Jumamosi mama alipanda Suji kwenye mazishi, akawaachia wasichana genge na simu. Tausi aliwasha kamera, akakunja sura. "Mbona inaonekana kama mawe? Nani atanunua hii?"

Husna aliitazama tangawizi, akaona Tausi amesema kweli. Basi akavuta mpira wa maji, akaosha gunia la kwanza, akaosha na la pili. Ikatandazwa juu ya turubai, inang'aa, nyeupe kwa njano, nzuri ajabu. Walirekodi sekunde ishirini, wakaweka wimbo unaopendwa, wakalipia. Wingu lilipotanda, Husna akairudisha tangawizi kwenye magunia haraka, ingali imelowa maji. Alijiambia kwamba itakauka humo humo.

Kufikia jioni watu elfu arobaini walikuwa wameiona ile video. Husna aliruka ruka gengeni kwa furaha. Kisha akaanza kusoma maoni. Mmoja aliuliza wimbo unaitwaje. Mwingine naye aliuliza wimbo unaitwaje. Wa tatu, aliyekuwa Songea, alitaka nusu kilo, na aletewe leo leo.

Mama aliporudi, walimtajia idadi ya watazamaji tu, si habari ya kuosha. Siku ya nne Husna alisikia harufu. Alifungua gunia moja lililooshwa, akakuta ukungu mweupe umetambaa juu ya tangawizi. Badala ya kusema, alilifunga na kulisukuma nyuma ya mengine. Mtoto akiogopa, hudhani kitu kisichoonekana hakipo.

Alasiri ile ile alishuka kwenye basi mama mmoja aitwaye Agatha, mwenye mgahawa wa chai Moshi. Alikuwa ameiona video.

"Shikamoo, mama," Husna alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nataka ile tangawizi safi niliyoiona."

Mama Mwamvita alimfungulia gunia lenye udongo. Agatha akatikisa kichwa. "Siyo hii. Ile iliyooshwa."

Mama alimtazama Husna. Husna akatazama chini. Mama akayavuta magunia ya nyuma, akalifungua moja, na harufu ikawajibu wote watatu. Agatha hakugomba. Alisema tu, "Nauli yangu imepotea," akarudi stendi.

Husna alilia, akasema yote: mpira wa maji, wingu, ukungu na jinsi alivyoficha. Mama akaketi juu ya kreti.

"Kuosha ni ujinga, na ujinga unasameheka," alisema. "Ila ungeniambia mapema, tungeokoa yote. Lete kisu. Iliyopona tuikate tuianike."

Walipokuwa wakichambua, Husna aliomba simu. Alimrekodi mama akitupa iliyooza na kukata iliyopona. Hakuweka wimbo wowote. Alisema kwa sauti yake mwenyewe: "Tangawizi hii niliiosha mimi ili ipendeze kwenye video, nikaifungia ikiwa imelowa, ikaota ukungu. Iliyo nzuri ni ile yenye udongo. Mama Agatha wa Moshi, tunakuomba radhi."

"Unatuaibisha mtandaoni," Tausi alilalamika.

"Tulishaaibika," alijibu Husna.

Hawakulipia chochote. Video ile ilitazamwa na watu mia tatu na kumi. Lakini safari hii hakuna aliyeuliza wimbo. Waliuliza namna ya kuhifadhi tangawizi, namna ya kuianika, na genge liko wapi. Kila siku baada ya shule Husna aliweka video nyingine: mama akijibu swali moja, au mzee Fanueli akichimba shambani kwake Suji huku akilalamika kuhusu mgongo.

Wiki ya tatu Agatha alishuka tena kwenye basi. "Nimekuja kuchukua hayo mawili yenye udongo," alisema. "Mtu anayekiri kosa mbele ya watu hawezi kuniuzia uozo." Akachukua magunia yote mawili, akaweka oda ya kila mwezi. Mama alimpigia mzee Fanueli papo hapo amwandalie mzigo.

Husna alifagia maganda yaliyobaki, halafu akauliza, "Mama, kwa hiyo kulipia video ni kosa?"

"Si kosa. Ukilipia, umewaita watu wengi kwa mara moja. Wanakuja kweli. Ila imani yao hailipiwi, unaijenga mwenyewe kwa kuwaonyesha kitu kilivyo, hata wakiwa mia tatu tu." Mama alichukua simu, akaitafuta video fulani, akamwonyesha. "Siku tukipata pesa ya kulipia tena, nataka tulipie hii."

Husna akaona ni ile ya ukungu. "Hiyo ambayo nilijiaibisha?"

"Hiyo uliyosema kweli," mama alisema. "Hiyo hata wakiiona watu elfu arobaini, sitaogopa wakija."