Kiraka kwenye Zulia la Kwanza

Maiti ya Gavin Tosh ilikuwa imelala kifudifudi kwenye shimo la mchanga, kando ya bendera ya kwanza ya uwanja wa gofu wa Balcraig. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mgongoni alikuwa bado amebeba bomba la kupulizia dawa. Kufikia saa mbili asubuhi nusu ya mji ilikuwa imesimama ukunguni, ikitazama.

Inspekta Effie Cargill aliwajua wote. Uwanja ule haukuwa wa matajiri. Ulikuwa wa mji: mchinja nyama, mchungaji na asiye na kazi walilipa kiingilio kilekile na kutaniana bila kubaguana. Effie mwenyewe alijifunzia hapo kucheza, kwa fimbo ya gofu ya marehemu baba yake. Siku hizi halmashauri ilikuwa ikitafuta kisingizio cha kuufunga.

"Damu ni kidogo mno hapa mchangani, Afande," alisema Konstebo Nairn. "Ameuawa kwingine, akaburutwa."

"Silaha?"

"Koleo. Limeoshwa, limerudishwa kibandani."

"Haya. Fuata nyayo za buti zake kwenye umande, uone alitokea wapi."

Effie akapanda juu, kwenye yale majani mafupi yanayozunguka bendera. Watunza uwanja huyaita zulia, kila bendera na lake, na huyadekeza kuliko wake zao. Akapiga magoti. Karibu na ukingo palikuwa na kiraka cha duara, kipana kama sahani, majani yake yamelalia upande wa pili. Akakifukua kwa vidole. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu.

Muuaji wa kawaida angekimbia. Huyu alibaki, akakata majani yaliyolowa damu, akaenda kitaluni kuchukua mengine, akaziba pengo. Balcraig ilikuwa na watunza uwanja wawili tu, na mmoja alikuwa kule mchangani.

Alichukua udongo kidogo kama kielelezo. Kisha akakirudisha kiraka na kukikandamiza kwa kisigino, kama walivyofundishwa wote utotoni.

Mzee Wattie Lorimer, yule mtunza uwanja wa pili, alikuwa kibandani, ameshika kikombe.

"Umechelewa, binti Cargill. Chai imepoa."

"Alfajiri ulikuwa wapi, mzee?"

"Nyumbani, nimelala."

"Shahidi wako nani?"

"Paka."

"Na kile kiraka umekiweka saa ngapi?"

"Kiraka kipi?"

"Mzee Wattie. Mimi si mgeni hapa."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Damu huunguza majani," alisema hatimaye. "Mikono ilijiendea yenyewe."

"Una haki ya kunyamaza. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Litumieni. Gavin nilimfundisha kazi mwenyewe, alikuja hapa hajui hata kunoa mashine. Leo nafika namkuta anapulizia. Dawa gani hiyo, we? Ya kuua magugu, anasema. Kwenye zulia! Jamaa mmoja wa halmashauri kamwahidi kazi ya makaburini. Majani yakifa, uwanja unafungwa, na hakuna wa kulalamika."

"Ukampiga."

"Nilimwambia aache. Akacheka. 'Wattie, sisi tumeshakufa, ni vile tu hatujazikwa.' Akanipa mgongo, akaendelea. Koleo lilikuwa mkononi."

"Ungenipigia simu."

"Ungefanya nini? Ungemkamata mtu kwa kuua majani?"

Effie aliona aibu.

Mzee alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Namwonea huruma mama yake, Mungu anisamehe. Lakini nilimwahi. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza! Zulia moja tumelipoteza, litapandwa upya. Yaliyobaki yapo. Atakayekuja mwambie asiyakate mafupi mno wakati wa jua."

Simu ikalia. Alikuwa Nairn.

"Afande, nimefuata buti zake. Alianzia kule mwisho, mbali na kibanda, akawa anarudi huku zulia moja baada ya jingine. Amepulizia yote. Hilo la kwanza ndilo alilokuwa anamalizia."

Effie akairudisha simu mfukoni.

"Kuna nini?" aliuliza mzee.

"Hakuna kitu. Vaa kofia yako, twende."

Siku ya hukumu ya Wattie, Effie alipitia Balcraig kwanza. Geti lilikuwa na kufuli na tangazo la halmashauri. Akaruka ukuta. Mazulia yote yalikuwa yamekauka, rangi ya makapi. Kwenye la kwanza tu, karibu na ukingo, kile kiraka cha duara kilichotoka kitaluni kilikuwa kibichi, na kilihitaji kukatwa.

Mahakamani Wattie hakumtazama jaji. Alimtafuta yeye.

"Majani yangu yanaendeleaje, binti?"

"Yanaota, mzee," alisema Effie.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akashuka ngazi na askari. Hakuuliza ni mangapi.