Gari Lililofutwa Kila Alfajiri

Kila alfajiri, kabla majirani hawajafungua madirisha, mzee mmoja alitoka nje na kitambaa mkononi kulifuta gari lake. Mtaa mzima ulimwita Dereva. Alikuwa ameendesha malori ya mizigo kwa miaka thelathini. Sasa alikuwa amestaafu, lakini jina lilikataa kustaafu naye.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la umeme. Rangi yake ilikuwa buluu iliyokoza kama wino. Halikunguruma wala kutoa moshi. Siku ya kwanza kuliendesha, Dereva alikaa kwenye usukani akisubiri liwake. Akasubiri sana, kumbe liliwaka zamani. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Enzi za malori, Dereva aliwasha injini asubuhi na kuiacha ipate moto. Muda ule wa kusubiri aliutumia kufuta vumbi. Gari la umeme halina haja ya kupashwa moto, lakini mikono yake haikuwa imeambiwa. Mazoea hujenga tabia. Basi alilifuta gari kavukavu, mviringo baada ya mviringo, kuanzia boneti mpaka nyuma, huku akipiga mluzi.

Vitambaa alipewa na mkewe. Huyo alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Fundi, basi. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, kando ya dirisha. Vipande vya kaki vilivyobaki alivikusanya ndani ya kapu kwa ajili ya mumewe. Alimwambia kaki ni ngumu, inatoa uchafu vizuri. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na ndiyo sababu kosa lilichukua muda mrefu kujulikana.

Saa sita mchana jua lilisimama juu ya gari lililoegeshwa nje ya dirisha. Wakati huo Fundi aliacha kushona, akayapumzisha macho yake kwenye ile buluu. Alipenda kuitazama bila haraka. Baada ya muda kidogo, chumba kilionekana kwenda mbali. Sauti za barabarani zilipungua. Alibaki yeye na buluu peke yake, kama mtu aliyekaa kando ya maji yaliyotulia. Halafu alirudi kwenye cherehani akiwa mwepesi.

Siku moja, mvua zilipokwisha, aliona ukungu juu ya buluu. Ulikuwa mwembamba, kama pumzi kwenye kioo. Na pale mwanga wa jua ulipopiga, aliona miduara. Ilikuwa mingi, myembamba, mmoja ndani ya mwingine. Alifumba macho, akafumbua. Miduara ilikuwapo.

Fundi aliingiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mama yake mzazi alipoteza macho. Ilianza hivyohivyo, kwa miduara kuzunguka taa. Mama alisema, "Leo taa imevaa pete," na nyumba nzima ikacheka. Miaka michache baadaye alikuwa anaongozwa kwa mkono kwenda mezani. Aliyemwongoza alikuwa Fundi mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na tatu.

Isitoshe, siku hizi uzi ulikuwa hautaki kuingia kwenye sindano. Zamani aliutunga huku akizungumza na mteja. Sasa ilimbidi kunyoosha mkono mbali, akikunja uso. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Alijumlisha mambo hayo mawili, akapata jibu, na jibu hilo hakumwambia mtu.

Wiki hizo mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimpigia simu. Alitaka sare mpya za shule nzima kabla muhula haujafunguliwa. Fundi hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo maishani mwake. Alipaswa kutoa jibu kabla ya Jumatatu jioni. Aliomba muda wa kufikiri, lakini moyoni alikwisha kuamua kukataa. Fundi asiyeona atawavika watoto wa watu nini? Alifikiri pia kuiuza cherehani.

Dereva naye alikuwa na lake. Aliona gari linafifia, naye akaongeza bidii. Alilifuta asubuhi na jioni. Kinyesi cha ndege alikisugua kikiwa kikavu, mpaka kikatoka na kuacha alama. Kinyozi wake alimshauri atumie dawa ya meno. Alikuwa karibu kuijaribu, ila alipokwenda kuchaji gari aliona tangazo kituoni. Wenye magari ya umeme wangekutana Jumapili asubuhi, nyuma ya maktaba, kuzungumzia utunzaji wa rangi. Kila mtu aje na gari lake, maswali yake, na kiti cha kukalia.

Dereva alimbembeleza mkewe waende pamoja. Fundi alikubali upesi kuliko kawaida yake. Alitaka kuitazama buluu mahali penye mwanga wa wazi, mara moja tu, kabla ya Jumatatu.

Jumapili ile ilikuwa ya ajabu, kwa ukimya wake. Magari yalifika moja baada ya moja bila sauti. Uligeuka, ukakuta jeupe pembeni yako. Ukageuka tena, jekundu. Matairi tu ndiyo yaliyosikika juu ya kokoto. Yakatimia kumi na mawili. Watu nao, bila kuambiwa, walizungumza polepole, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala.

Muuguzi mmoja alieleza jinsi anavyochaji gari lake kazini. Mwenzake alilalamika kwamba matairi yake yanalika upande mmoja, akashauriwa akapimishe magurudumu. Dereva alitaniwa kidogo, kama wanavyotaniwa wageni wote. Walimuuliza kama bado anatafuta mahali pa kutia dizeli. Alicheka pamoja nao, akafungua kiti cha mkewe kwenye kivuli.

Halafu alisimama mama mmoja mfupi, mwenye rangi tatu tofauti kwenye kucha. Hakuwa amezipaka. Zilibaki kutoka kazini, kwa kuwa alikuwa fundi wa rangi za magari. Walimwita Bi Rangi. Alishika tochi ndogo na kupita gari moja hadi jingine, akigusa hapa, akiinama pale. Alipofika kwenye gari la buluu alisimama.

"Hili la nani?"

Dereva alitoa kifua mbele. Alisema ni lake, na kwamba halijapitiwa na siku hata moja bila kufutwa.

"Naona," alisema Bi Rangi.

Aliwasha tochi, akaielekeza kwenye boneti. Ndani ya buluu ile, kuzunguka mwanga, miduara ikatokea. Ilikuwa mingi, myembamba, mmoja ndani ya mwingine.

Fundi alikuwa ameinuka kwenye kiti bila kujua. Alisogea mpaka akasimama bega kwa bega na Bi Rangi.

"Kwani na wewe unaiona?"

"Nini, dada yangu?"

"Hiyo miduara."

"Naiona. Hata mtoto akipita hapa ataiona. Imo kwenye rangi."

Fundi alishika kioo cha pembeni cha gari. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Kisha akasema yote, pale pale, mbele ya watu asiowajua. Alisema habari za mama yake na taa. Alisema habari za sindano, na za mwalimu mkuu anayesubiri jibu. Watu waliokuwa karibu waliacha mazungumzo yao.

Dereva alisimama na kipande chake cha kaki mkononi. Mambo mawili yalimfikia kwa pamoja. Ni yeye aliyeichora ile miduara kwa mkono wake, alfajiri baada ya alfajiri. Na mkewe alikuwa akiitazama kila mchana, akilia kimoyomoyo.

"Siku zote hizi, mama watoto? Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi nilimwongoza mama kwa mkono," alisema Fundi. "Sikutaka uanze kuniongoza mimi."

Dereva alikitia kitambaa mfukoni. Alimrudisha mkewe kwenye kiti, naye akakaa chini kwenye kokoto, na suruali yake ya Jumapili. Aliona aibu, na huruma ilikuwa kubwa zaidi ya aibu.

Bi Rangi aliwaacha mpaka walipotulia. Kisha alikiomba kile kitambaa. Alikipitisha kwenye shavu lake mwenyewe, akakunja uso.

"Mzee wangu, usijilaumu sana. Nusu ya magari yaliyo hapa yana ugonjwa huu. Vumbi ni mchanga uliosagika. Ukilifuta kavu, unausugua mchanga juu ya rangi. Na ukizungusha mkono, unachora miduara."

Watu wawili watatu waliyageukia magari yao.

Bi Rangi aliendelea. Alisema juu ya rangi ya gari kuna tabaka jembamba lisilo na rangi, jembamba kuliko karatasi. Hilo ndilo linalong'aa, na ndilo linaloumia. Rangi iliyokoza huonyesha mikwaruzo mapema kuliko nyeupe. Kuhusu dawa ya meno, aliwaomba waiache kwenye meno.

Aliagiza ndoo mbili za maji. Alilisogeza gari kivulini, kwa sababu juani sabuni hukauka upesi na kuacha madoa. Aliwakumbusha gari lisioshwe likiwa kwenye chaji, akahakikisha kifuniko cha tundu la kuchajia kimefungwa vizuri. Kisha alilimwagia maji mengi ya mpira bila kuligusa, ili mchanga uondoke wenyewe. Katika ndoo ya kwanza alitia sabuni ya kuoshea magari. Alieleza kwamba sabuni ya unga, ya kufulia, inakula nta inayolinda rangi. Alichovya kitambaa laini chenye manyoya, akaosha kuanzia paa kushuka chini, kwa mistari iliyonyooka.

Dereva aliuliza ndoo ya pili ni ya nini.

"Ya kusuuzia kitambaa. Kila ukimaliza kipande, kitambaa kiache mchanga humo ndipo urudi kwenye sabuni. Ukitumia ndoo moja, unalirudishia gari takataka zake."

Alifundisha pia habari ya kinyesi cha ndege. Kisikae siku nzima, maana kinaunguza rangi. Wala kisisuguliwe. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, subiri kilainike, halafu kiinue taratibu. Mwisho alikausha gari kwa kuligandamizia taulo laini, bila kusugua. Aliwashauri wapake nta kila baada ya miezi mitatu hivi. Wanaosafiri sana kwenye barabara za kokoto wanaweza kubandikiwa utando mwangavu sehemu ya mbele, ili mawe yagonge utando yasigonge rangi.

"Na hii iliyokwisha kuingia?" aliuliza Dereva, akionyesha miduara.

Bi Rangi alisema mingi itaondoka kwa mashine, ikishikwa na mtu anayejua. Lakini kazi hiyo hupunguza lile tabaka la juu, kwa hiyo si ya kurudiwarudiwa. Alimkaribisha gereji siku ya Alhamisi. Kisha alimgeukia Fundi.

"Dada, gari limesema la kwake. Macho yako hayajasema. Kesho asubuhi nenda kliniki ya macho ukapimwe. Mwenye mzazi aliyepofuka hapaswi kukaa na kubahatisha."

Jumatatu saa mbili asubuhi walikuwa kliniki. Gari liliwafikisha bila sauti. Daktari wa macho alimpima Fundi kwa muda mrefu. Alipima presha ya macho, akamwambia asome herufi kubwa na ndogo. Akasema macho ni mazima. Shida ya sindano ilikuwa ya umri, ya kawaida, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Ila alimtaka arudi kila mwaka, kwa sababu ya historia ya mama yake. Ugonjwa uliompofusha mama ukigunduliwa mapema hutibiwa usiendelee, lakini macho yaliyokwisha kupotea hayarudi.

Fundi alivaa miwani, akatoka nje. Alitazama nyuzi za shati la mumewe, moja moja. Alisema kifungo cha pili kimeshonwa vibaya, na Dereva akamkumbusha aliyekishona. Walicheka wote wawili kwenye ngazi za kliniki. Hapo hapo Fundi akampigia simu mwalimu mkuu.

"Mwalimu, niletee vipimo vya watoto. Wote."

Wiki zilizofuata cherehani haikupoa. Alhamisi gari lilikwenda gereji, na buluu ikarudi, nzito na tulivu. Tangu hapo liliogeshwa mara moja kwa wiki, kila Jumamosi, kwa ndoo mbili. Vipande vya kaki vilikwenda kujaza mito. Alfajiri, Dereva alikaa chumba cha mbele akikata nyuzi zilizochomoza kwenye sare. Mwanzoni alikata hata visivyohusika, akafokewa. Baadaye alizoea.

Siku ya kufungua shule waliegesha chini ya kivuli, ng'ambo ya lango. Watoto walipita kwa makundi ndani ya sare mpya, na kola zote zilikaa sawa. Mume na mke walitazama kupitia vioo, kama watu wanaoota ndoto moja. Msichana mdogo wa darasa la kwanza alisimama kando ya mlango wa gari. Alijiona ndani ya buluu. Aliweka kiganja juu ya rangi, akainama karibu, akarekebisha kola yake, kisha akakimbilia wenzake.

Waliposhuka, kiganja kilikuwa kimejichapa pale mlangoni, kidogo, na vidole vyake vitano. Mkono wa Dereva uliingia mfukoni kutafuta kitambaa.

"Kiache mpaka Jumamosi," alisema Fundi. "Nimekiona kabla yako."